Harry Hibbs, kipa aliyejua pa kusimama

Mwezi uliopita, kijana mmoja kati ya makipa ninaowafundisha hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, aliniuliza kwa nini simruhusu kuruka. Alikuwa amejaa matope kuanzia kifuani hadi magotini, maana mvua ya Januari haiuonei huruma uwanja wetu, na machoni pa wenzake alikuwa amecheza mchezo mkubwa: mara tatu alijirusha, mara tatu akautoa mpira nje kwa ncha za vidole, na watu waliosimama pembeni wakampigia makofi. Nilimwambia kwamba katika mara hizo tatu, mbili hakuwa na haja ya kuruka hata kidogo, kwa sababu laiti angesogea hatua mbili kushoto kabla mpigaji hajainua mguu, mpira ungemfuata wenyewe kifuani. Hakuniamini. «Papa kocha,» akasema, «sasa watu watajuaje kama nimeokoa?»

Swali hilo sikuweza kulijibu pale uwanjani, mvua ikinyesha na watoto wakisubiri zamu zao. Nimelibeba hadi nyumbani, nami nimeona nilijibu kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye vijana wetu hawamjui, Harry Hibbs, kipa wa Birmingham na wa timu ya taifa ya Uingereza katika miaka iliyopita kati ya vita viwili vikuu vya dunia.

Sisi wa Lubumbashi tumelelewa na makipa. Baba yangu alimwona kwa macho yake Kazadi Mwamba, kipa wa Englebert, timu ambayo leo ni TP Mazembe, na hadi uzeeni alikuwa akikunja uso kila alipotajiwa mechi ya Kombe la Dunia la 1974 dhidi ya Yugoslavia, ambamo Kazadi alitolewa nje mapema, Zaire ikiwa imefungwa matatu, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Aliyeingia badala yake akaokota mengine sita. Kizazi changu kina Kidiaba, ambaye mwaka 2010 alifika na Mazembe katika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu kule Abu Dhabi, na ambaye kila bao la timu yake lilimfanya aketi chini na kurukaruka kwa makalio mbele ya dunia nzima. Nampenda Kidiaba kwa moyo wote. Lakini watoto wetu wameshika ile furaha yake na kuiacha kazi iliyoitangulia, na ndiyo maana nataka kuwaonyesha mtu aliyefanya kazi hiyohiyo kwa kimya.

Harry Hibbs alizaliwa tarehe 27 Mei 1906 huko Wilnecote, kijiji kilicho karibu na mji wa Tamworth, katikati ya Uingereza. Ilikuwa nchi ya makaa ya mawe na matofali. Mtu aliyekulia hapa kwetu, kwenye mji uliojengwa juu ya shaba, hahitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo, wala namna vijana wa mahali kama hapo wanavyoutazama mpira wa miguu. Tena ukoo wake ulikuwa na makipa. Binamu yake Harold Pearson naye alikuwa kipa, na baba yake Harold, mzee Hubert Pearson, ndiye aliyelinda goli la West Bromwich Albion ilipotwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1920. Hilo jina la Harold Pearson ninaomba mlikumbuke, kwa sababu litarudi.

Kutoka timu ndogo ya Tamworth Castle, Hibbs alisajiliwa na Birmingham mwaka 1924, akiwa na miaka 18. Alianza kucheza kikosi cha kwanza mwaka 1926, lakini mbele yake alikuwapo Dan Tremelling, kipa mzuri aliyewahi kuichezea Uingereza, kwa hiyo kijana akasubiri. Alisubiri miaka. Golini hakuna nafasi ya pili kama ilivyo kwa mabeki au washambuliaji: aliye wa kwanza anacheza, aliye wa pili anatazama, na katika siku hizo hata benchi halikuwapo, kwa kuwa ligi ya Uingereza haikuruhusu mchezaji wa akiba kuingia uwanjani hadi mwaka 1965.

Ili kumwelewa Hibbs ni lazima kwanza kuelewa mpira aliokuta. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Kabla ya hapo, mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli wakati anapopewa pasi. Tangu mwaka huo wakatosha wawili. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo kwenye karatasi, lakini kwa makipa yalikuwa gharika. Msimu wa mwisho wa sheria ya zamani, madaraja yote ya ligi ya Uingereza yalifunga jumla ya mabao 4,700. Msimu uliofuata, kwa idadi ileile ya mechi, yakafungwa 6,373. Miaka miwili baadaye Dixie Dean wa Everton alifunga mabao 60 ya ligi katika msimu mmoja, na hakuna aliyewahi kulifikia hesabu hiyo katika daraja la kwanza la nchi ile hadi leo. Hibbs aliingia golini katika kizazi hicho hasa, wakati washambuliaji wa kati walipokuwa wanakimbia peke yao kumkabili kipa kwa namna ambayo baba zao hawakuijua.

Wala sheria hazikumwonea huruma. Kipa aliyeshika mpira aliruhusiwa kusukumwa kwa bega, na akisukumwa pamoja na mpira hadi ndani ya nyavu, lilikuwa bao halali. Mwaka 1929 sheria ikamfunga miguu kwenye penalti pia: ilimpasa asimame juu ya mstari bila kusogea mpaka mpira upigwe. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, umeshonwa kwa kamba mdomoni, na mvua ilipoupata ulikunywa maji ukawa mzito kama mfuko wa mchanga. Glavu za aina tunayoijua hazikuwapo. Malipo nayo yalikuwa na kikomo: mchezaji bora wa nchi hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu, na 6 wakati wa kiangazi, awe ameokoa penalti kumi au hakuokoa hata moja.

Katika mazingira hayo ungetegemea kumkuta mtu mkubwa, mwenye mwili wa kupigana. Hibbs hakuwa hivyo. Urefu wake haukufika mita 1.80, na wote walioandika habari zake wanakubaliana kwamba hakuwa mtu wa mikogo. Silaha yake ilikuwa kusimama mahali panapofaa. Alisoma mwili wa mshambuliaji, akasogea mapema, akaziba pembe, hata ikaonekana kama wapigaji walikuwa wanamlenga yeye mwenyewe. Watazamaji wengi waliona mpira unampiga kifuani wakadhani shuti lilikuwa baya.

Hapa ninaomba nisimame kidogo, kwa sababu ndipo moyo wa jambo ulipo. Chora mstari kutoka mpira ulipo hadi nguzo ya kulia, na mwingine hadi nguzo ya kushoto. Kati ya mistari hiyo miwili kuna nafasi inayofanana na kipande cha mkate kilichokatwa kwa pembe tatu, nayo hupungua upana kadiri unavyousogelea mpira. Kipa anayebaki juu ya mstari wa goli analinda upande mpana kuliko yote, na lazima aruke ili aufikie mwisho wake. Kipa aliyesogea mita mbili mbele, akakaa katikati ya mistari ile miwili, ana upana mdogo zaidi wa kulinda, na mara nyingi kunyoosha mkono kunatosha. Lakini akienda mbele mno atapigiwa mpira wa juu ya kichwa, na akichelewa kusogea atakutwa miguu haijatulia, na kipa ambaye miguu yake haijatulia ni mlango usio na komeo. Hesabu hiyo yote inafanywa upya kila mpira unapohama, mara mia katika mechi moja, na hakuna mtu pembeni ya uwanja anayeiona.

Nilipokuwa na umri wa huyo kijana wangu, kocha mmoja aliniweka nje kwa sababu, kwa maneno yake, nilikuwa «nimelala». Nilikuwa nimeruhusu mabao machache kuliko kipa yeyote wa timu zile tulizocheza nazo. Hadi leo naumia ninapokumbuka, na pengine ndiyo sababu nilipokutana na habari za Hibbs nilizisoma usiku kucha.

Uingereza ilimwita kwa mara ya kwanza Novemba 1929, dhidi ya Wales, wakashinda 6-0. Mei 1930 alikuwa Berlin, sare ya 3-3 na Ujerumani, na siku nne baadaye alikuwa Vienna, ambako Austria haikupata bao wala Waingereza hawakupata. Desemba 1932 Waaustria hao walikuja London na kile kikosi chao cha ajabu cha mshambuliaji Sindelar, wakafungwa 4-3 katika mechi ambayo Waingereza walipumua kwa shida hadi kipenga cha mwisho. Mwaka 1933 alikuwa Roma, sare ya 1-1 na Italia. Jumla alicheza mechi 25 za taifa, na katika zama ambazo mechi hizo zilikuwa chache, hakuna kipa wa Uingereza aliyekuwa amefikisha idadi hiyo kabla yake.

Mechi ya Desemba 9, 1931 inastahili nafasi yake yenyewe. Hispania ilikuwa imeifunga Uingereza 4-3 mjini Madrid mwaka 1929, ikiwa timu ya kwanza kutoka nje ya visiwa vya Britania kufanya hivyo, na sasa ilikuja London kurudiana. Golini mwake alikuwapo Ricardo Zamora, kipa maarufu kuliko wote duniani wakati huo, mtu mwenye umbo la kupendeza na mbwembwe zilizojaza viwanja. Upande wa pili alisimama Hibbs. Uingereza ilishinda 7-1. Sitaki mtu atumie matokeo hayo kusema kwamba Hibbs alikuwa bora kuliko Zamora. Uwanja wa tope la Desemba haukuwa nyumba ya Mhispania huyo, na mabao saba hayaokotwi na kipa peke yake bila mabeki kuwa na sehemu yao. Ninachokiona katika siku ile ni picha tu: magoli mawili, na ndani yake njia mbili tofauti kabisa za kuifanya kazi moja.

Sasa lile jina la Harold Pearson linarudi. Tarehe 25 Aprili 1931, fainali ya Kombe la FA, kombe la mtoano la Uingereza, ilichezwa Wembley mbele ya watu zaidi ya 90,000, na mvua ilikuwa inanyesha. Birmingham ilikuwa inacheza fainali hiyo kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mpinzani wake alikuwa jirani, West Bromwich Albion, timu iliyokuwa daraja la pili msimu huo. Golini mwa Birmingham: Harry Hibbs. Golini mwa Albion: Harold Pearson, binamu yake. Vijana wawili wa ukoo mmoja, waliotoka pande zilezile za Tamworth, kila mmoja akilitazama goli la mwenzake kwa umbali wa mita mia moja, mpira uleule mzito ukipita kati yao. Nimejaribu kuwaza jinsi mama zao walivyokaa siku hiyo, na nimeshindwa.

Mapema Birmingham walitia mpira wavuni, mwamuzi akasema Bob Gregg alikuwa ameotea. Kisha Richardson, mshambuliaji wa kati wa Albion, akafunga. Kipindi cha pili Joe Bradford akasawazisha kwa ajili ya Birmingham, na kila aliyewahi kusimama golini anajua hatari ya dakika inayofuata bao la kusawazisha, wakati wenzako kumi bado wanakumbatiana ndani ya vichwa vyao. Mpira uliwekwa katikati, ukaanzishwa, Albion wakaenda nao moja kwa moja mbele, na Richardson akafunga tena kabla ngome ya Birmingham haijajipanga. Ikaishia 2-1. Albion wakachukua kombe, na msimu huohuo wakapanda daraja. Hibbs hakuwahi kurudi katika fainali nyingine. Miaka yote aliyokaa Birmingham haikumpa kombe lolote kubwa.

Mwaka 1934 nafasi yake ya taifa ilichukuliwa na Frank Moss wa Arsenal. Machi 1935 Moss aliteguka bega katika mechi dhidi ya Everton, na kwa kuwa hapakuwa na mchezaji wa akiba, alipelekwa winga ya kushoto badala ya kupelekwa hospitali, na huko, mkono ukiwa haufanyi kazi, akafunga bao. Watu husimulia kisa hicho kwa kicheko. Mimi sikicheki, kwa sababu bega lile halikupona sawasawa na ndilo lililomaliza mpira wa mtu yule. Mlango wa taifa ukafunguka tena kwa Hibbs, akawamo Desemba 1935 Uingereza ilipoishinda Ujerumani 3-0 jijini London.

Mechi yake ya mwisho ya taifa ilikuwa tarehe 5 Februari 1936, Wolverhampton, dhidi ya Wales, wakafungwa 2-1. Siku hiyohiyo, upande wa kaskazini mashariki mwa nchi, kipa mwingine alikata roho. Jimmy Thorpe wa Sunderland alikuwa na miaka 22, mke, na mtoto mdogo wa kiume. Alikuwa pia na ugonjwa wa kisukari. Siku nne kabla, katika mechi ya 3-3 dhidi ya Chelsea, alipigwa mateke kichwani na kifuani akiwa ameukumbatia mpira, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumbadili, aliimaliza mechi, akaenda nyumbani, akazimia, hakuinuka tena. Msimu huo Sunderland ilitwaa ubingwa na medali yake ikakabidhiwa mjane wake. Baada ya kifo hicho sheria ilibadilishwa, mchezaji akakatazwa kumwinulia mguu kipa aliyekwisha kuushika mpira mikononi. Kila ninapomwona mwamuzi anapuliza filimbi kumlinda mmoja wa vijana wangu aliyelalia mpira katika matope ya Katuba, namkumbuka Thorpe, na ninatamani kila mwamuzi wa mji huu alijue jina hilo.

Hibbs aliendelea na Birmingham. Mwaka 1939, mwaka uleule ambao hapa kwetu, mji ukiitwa bado Élisabethville, wamonaki Wabenedikto waliunda timu ya vijana ambayo leo ni TP Mazembe, Birmingham ilishuka daraja, na miezi michache baadaye vita vikasimamisha ligi. Aliacha kucheza mwaka 1940, akiwa amevaa jezi ya timu hiyo moja katika mechi 389 za ligi na Kombe la FA. Kabla hajaondoka, Agosti 1939, alisajiliwa hapo kijana mmoja aitwaye Gil Merrick, ambaye naye alikuja kuwa kipa wa Uingereza, na ambaye ndiye aliyesimama golini Birmingham ilipofika fainali yake ya pili ya Kombe la FA, mwaka 1956. Hibbs mwenyewe aliifundisha Walsall kuanzia 1944 hadi 1951. Alipoanza kazi hiyo alimkuta pale Bert Williams, kipa aliyeuzwa mwaka uliofuata kwa Wolverhampton Wanderers na baadaye akaidakia Uingereza katika Kombe la Dunia la 1950. Kwa hiyo makipa wawili kati ya waliogombea goli la taifa lile baada ya vita, wote wawili waliwahi kuwa chini ya paa moja na Harry Hibbs. Alifariki mwaka 1984.

Nilimsimulia kijana wangu sehemu ya haya Jumamosi, tukiwa tumekaa juu ya matofali nyuma ya goli. Alitaka kujua zaidi habari za binamu wawili wa Wembley, akaniuliza kama walisalimiana baada ya mechi. Mechi yetu ilipoanza, mshambuliaji wa timu ya Kenya, mtaa mwingine wa hapa Lubumbashi, alipenya upande wa kulia akiwa peke yake, na nikaona miguu ya kijana inasogea: hatua moja, mbili, ikatulia. Shuti lilikuwa kali. Mpira ulimpiga kifuani, akaukumbatia, na pembeni mtu mmoja akapaza sauti kumlaumu mshambuliaji kwa kupiga vibaya. Kijana alinitupia jicho mara moja tu, kisha akaurusha mpira kwa beki wake wa kushoto.